Kupima Nanga

Neno lenyewe lina herufi tano, na mbili za mwisho hazisemi kitu, zimekaa tu pale kama wageni waliokwisha kula na hawataki kuaga. Weigh. Unalitamka "wei", basi, kwisha kazi. Adila alilijua tangu shule ya msingi, na mtu angemwambia kwamba siku moja neno la aina hiyo litamzungusha mji wa Bagamoyo jua la utosini, kandambili mguuni na simu mkononi, angemcheka mpaka mbavu zimuume.

Maana kwa Kiingereza Adila hakuwa na mpinzani pale Magomeni. Magomeni ya Bagamoyo nasema, si ile ya Dar. Ukipewa karatasi ya hospitali usiyoielewa, unampelekea Adila. Ukinunua pasi mpya na kijitabu chake, kwa Adila. Barazani kwake alifundisha tuisheni wasichana wa kidato cha pili na cha nne, na mabinti hao walimwogopa kuliko walimu wao wa shuleni. Neno akilijua, alikwambia. Asipolijua, alikwambia vilevile, tena kwa sauti kubwa zaidi. Huo ndio ulikuwa ugonjwa wake, na ndio uliomponza.

Jumatatu jioni simu yake ililia. Ujumbe haukuwa wake, ulikuwa wa mumewe, Muharami. Muharami alikuwa na kitochi, simu ndogo ya vitufe isiyojua WhatsApp, kwa hiyo mambo yake yote ya Kizungu yalipitia kwa mkewe. Aliyeandika ni Heleni, mama mmoja wa Kiingereza mwenye mvi kichwa kizima na miguu ya mwanariadha, aliyekuja na mumewe kwa boti yao ya matanga wakatia nanga mbele ya mji. Huyu Heleni alikula pweza wa nazi aliyepikwa na Muharami kwenye nyumba ya wageni alikofanya kazi, kesho yake akarudi, kesho kutwa akarudi, siku ya nne akaingia jikoni mwenyewe. Akamtaka Muharami awe mpishi wao wa botini kwa miezi tisa: Pemba, Komoro, Shelisheli na huko mbele. Safari ikapangwa Ijumaa, baada ya sala.

Mtaa mzima ulimpongeza. "Shemeji, ukirudi hutatujua!" Adila naye alipiga vigelegele kama wenzake, lakini moyoni hakutaka, hata chembe. Ndoa ilikuwa na miaka miwili tu. Muharami alikuwa mtu wa kuimbia vitunguu akivikaanga, na akirudi kazini alikuwa hasemi habari za siku, anaziigiza, leo mgeni wa Kijerumani, kesho meneja, mpaka Adila analia kwa kucheka. Leo nyumba ikae kimya miezi tisa! Mtu anabeba mimba anazaa, mume yuko Shelisheli anawapikia watu samaki. Lakini angesemaje? Aje kuambiwa amemzibia mumewe riziki? Akanyamaza.

Sasa ujumbe wa Heleni ulikuwa na maneno machache. Jumatano, saa kumi jioni, tutaonana botini. Na mwanzoni kabisa, weigh anchor.

"Wanasemaje?" Muharami aliuliza, huku akimenya muhogo.

"Jumatano saa kumi jioni wanapima nanga. Halafu mtaonana botini."

"Wanapima nanga?"

"Wanapima nanga."

"Nanga inapimwa ya nini?"

Hapo mtu mwingine angesema, hebu ngoja nitazame. Adila? Thubutu! "Kwani malori hayapimwi barabarani? Itakuwa chombo kinachovuka nchi na nchi! Huo ni ukaguzi, Muharami. Wanapima nanga, wanapima minyororo, wakimaliza Ijumaa mnaondoka." Na akilini mwake jambo lilikaa sawasawa. Sisi tunapima kila kitu. Tunapima damu, tunapima viwanja, tunapima kitambaa cha nguo na upepo wa tairi, na mtu mwenyewe tunampima tukitaka kujua yukoje. Nanga imekosa nini?

Muharami alimtazama kidogo, akarudi kwenye muhogo wake. "Wewe ndiye mwalimu," alisema. "Basi Jumatano nakwenda Lugoba kumuaga mama, nirudi Alhamisi."

Jumatano asubuhi mapema akaondoka na kifurushi cha ngonda, samaki wakavu, kwa ajili ya mama yake, Bi Mwanajuma.

Lakini lile swali la Muharami lilikuwa limemkaa Adila kama unyuzi wa nyama kwenye jino. Nanga inapimwa ya nini? Saa tano, maana shule zilikuwa likizo, mabinti wakiwa wanaandika zoezi, akainuka akachukua kamusi ya marehemu baba yake, Mzee Mwinyimvua, kamusi iliyokwisha kupoteza majalada yote mawili. Alijidanganya kwamba anatafuta mifano ya zoezi la kesho. Akalifikia neno. Kupima uzito, naam. Kuwa na uzito fulani, naam. Kulitazama jambo pande zote kabla ya kuamua. Hata sisi tunapima hivyo. Kumlemea mtu, kumkaa moyoni. Hii alikuwa haijui, akaitilia alama kwa kalamu. Kisha chini kabisa, kwa herufi za kuumiza macho: weigh anchor, kung'oa nanga, kuanza safari.

Aliisoma mara ya pili. Mara ya tatu akaiwekea kidole.

"Mwalimu, vipi?" aliuliza binti mmoja, Samia.

"Someni!" alisema Adila, ilhali walikuwa wanaandika.

Boti inaondoka leo, si Ijumaa tena. Leo hii, saa kumi. Kutoka Lugoba mpaka Bagamoyo kupitia Msata ni mwendo wa saa mbili, pamoja na kusubiri gari. Akimpigia sasa hivi, Muharami anawahi, na nafasi ya kuoga anapata. Akimpigia saa saba, anawahi kwa mbinde. Akimpigia saa nane, ndiyo basi tena.

Na asipompigia?

Hapo, jamani, shetani alivuta kiti akakaa pale barazani. Asipompigia, hakuna atakayejua kwamba amejua. Kukosea si dhambi. Boti itakwenda zake, Muharami atarudi kesho, atasikitika siku tatu, ya nne ataanza tena kuimbia vitunguu. Na zaidi ya hapo, kumpigia maana yake ni kutamka kwa kinywa chake, neno sikulijua. Yeye, Adila! Mbele ya nani tena, mbele ya Muharami aliyemuuliza vizuri, nanga inapimwa ya nini.

Aliwaruhusu mabinti nusu saa kabla ya wakati. Akaketi. Akasimama. Akafagia uwanja ambao ulikwisha kufagiwa asubuhi. Akaitoa simu, akalifungua jina la mumewe, akalifunga. Kukaa ndani kukamshinda, akajitupia khanga akatoka.

Akaenda mpaka soko la samaki, hana anachotaka. Akamshika kibua mmoja, akamgeuza, akamrudisha alipokuwa. Muuzaji akamtazama kama mtu aliyechanganyikiwa, na hakukosea sana.

"Adila!" Aliyeita alikuwa Bi Ashatu, jirani yao, aliyekuwa na karai lake la kukaangia samaki pale sokoni miaka nenda rudi.

"Shikamoo, Bi Ashatu."

"Marahaba, mwanangu. Mbona kiguu na njia? Umempoteza nani?"

"Simtafuti mtu, natembea tu."

"Natembea tu, na jua hili! Mume hajaondoka umeshaanza kuweweseka. Hiyo Ijumaa si tutakufunga kamba?" Akacheka peke yake, akageuza samaki. "Mumeo naye jana alikuwa hapa na Kombo, yule wa boti za watalii, wanaongea weee, mpaka samaki niliyemwekea akapoa. Mtu anayesafiri ana mengi ya kuuliza."

Adila hakusikia vizuri. Macho yake yalikuwa baharini. Boti ya Heleni ilikuwa imesimama palepale, lakini turubai lililokuwa limefunika matanga siku zote lilikuwa limetolewa, na mtu, pengine mume wa Heleni, alikuwa akipita huku na huku anafunga vitu. Saa sita ilikuwa imeshapita. Adhana ya adhuhuri ikaanza, na Adila akaondoka sokoni kama aliyefukuzwa.

Alipita njia ya posta, akarudi njia ya shule. Aliwasalimia watu asiowaona. Kila alipojaribu kuifurahia ile picha ya Muharami kubaki nyumbani, picha nyingine iliingia mbele yake: Muharami anamtazama, anasema, wewe ndiye mwalimu. Hakubisha. Alikuwa na swali la maana kabisa, akaliacha kwa sababu alimwamini mkewe. Mtu kama huyo unamnyang'anyaje safari yake ukiwa umekaa na simu mkononi? Adila alimpenda Muharami, na wivu wa kumtaka abaki ulimuuma kama jino, lakini kumla mtu imani yake hakuweza. Alisimama kwenye kivuli cha ukuta, saa saba kasoro dakika tano, akapiga.

Simu ikapokelewa na mama mkwe.

"Mama, shikamoo. Muharami yuko?"

"Marahaba, mwanangu. Yuko msikitini hapa karibu, anakuja sasa hivi. Simu ameniachia." Kisha Bi Mwanajuma akashusha sauti, ile sauti ya msibani. "Mwanangu, pole. Usijilaumu. Muharami ametueleza yote. Kizungu si lugha yetu, kinampiga chenga hata aliyekisoma. Boti imeondoka, imeondoka. Riziki nyingine itakuja, inshallah."

Adila aliutazama ukuta. "Boti imeondoka, mama?"

"Si ndiyo hivyo! Kasema ulimwambia nanga inapimwa, kumbe inang'olewa. Sasa utafanyaje? Wala hakukasirika, mwanangu. Kanywa na chai vizuri."

Kichwa kikamzunguka. Boti ilikuwa kule majini inafungwa kamba zake. Yeye mwenyewe maana ya neno aliijua saa tano, na hakumwambia kiumbe. Muharami ameijuaje tangu wakati wa chai? Mara akamkumbuka Kombo na yule samaki aliyepoa. Hapo yote yakafunguka, na hasira ikampanda kutoka nyayoni.

"Mama, akifika naomba nizungumze naye."

Muharami alipochukua simu alianza na utani, kama kawaida yake. Adila hakumpa nafasi.

"Ulimuuliza Kombo jana."

Nyuma ya Muharami, kwenye barabara kuu ya Lugoba, lori likapita na kelele zake.

"Muharami, ulimuuliza Kombo au hukumuuliza?"

"Nilimuuliza."

"Akakwambia wanang'oa nanga. Leo. Ukarudi nyumbani, ukala wali wangu, asubuhi ukaniaga kama hujui lolote, ukaenda Lugoba. Kwa nini?"

"Adila, si umekosea wewe..."

"Nimekosea! Nimekosea, na naapa sirudii. Mimi nakuuliza wewe. Kwa nini?"

Alisikia anavuta pumzi. Kisha Muharami akasema polepole, na kwa mara ya kwanza bila mzaha, "Nilitaka kosa liwe lako. Nilijua wewe watu watakusamehe."

Alaa! Adila alihisi kama amepigwa kofi. Saa mbili nzima amezunguka juani anajiona muuaji, kumbe mwenzake yuko Lugoba anakunywa chai kwa jina lake. Alitaka kumtukana, na neno la kumtukana alikuwa nalo, tena kwa lugha mbili. Lakini haki ni haki, na yeye naye alikuwa na lake.

"Nisikilize," alisema. "Mimi nimejua tangu saa tano. Nimekaa na simu saa mbili sitaki kukupigia, kwa sababu sitaki uende. Hilo langu nimelisema. Sasa saa saba na dakika zake. Panda gari uje. Kama unakwenda, utakwenda. Kama unabaki, utabaki hapa ufukweni, mbele ya mwenye chombo, kwa mdomo wako mwenyewe. Lakini mzigo wako mimi sikubebei."

Akakata.

Kuanzia hapo mpaka saa tisa na nusu msiniulize alifanya nini, mwenyewe hakujua. Alipanga begi la Muharami akalipangua, akalipanga tena, akatia shati lile la bluu, akalitoa kwa sababu alilipenda, akaona aibu akalirudisha. Kama Muharami angekuja akasema nakwenda, je? Mwanamume akishatahayari hufanya lolote. Anaweza kuingia botini kwa hasira tu. Adila alijua kabisa kwamba kwa maneno yale ya simuni huenda amemfukuza mumewe kwa mkono wake, na bado hakupiga tena.

Ufukweni, begi mkononi, alimkuta Heleni ameshafika na kiboti cha mpira, suruali imekunjwa hadi magotini, anatazama saa. Kombo na wenzake wawili walikuwa pembeni wakishona turubai. Bi Ashatu aliacha karai lake akaja kutazama, maana begi halimpiti.

Muharami alishuka kwenye bajaji vumbi tupu. Akamwamkia Bi Ashatu, akampa Heleni mkono, lakini macho ya mkewe akayakwepa.

"Ah, tulianza kuwa na wasiwasi!" Heleni alisema kwa Kiingereza. "Njoo, maji yanatoka."

Adila akasogea kati yao. Kabla hajamgeukia mumewe alianza na la kwake, kwanza kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili, kwa sauti ambayo Kombo na Bi Ashatu waisikie. "Ujumbe wako sikuuelewa. Neno sikulijua. Nilimwambia mume wangu kwamba leo mnapima nanga, kilo zake." Kombo aliangua kicheko, na Heleni naye akacheka mpaka akajishika kiuno. Uso wa Adila uliwaka moto. Alisubiri wamalize.

"Haya, Muharami," alisema. "Zamu yako. Sema, nami nitamwambia."

Muharami alilamba midomo. "Mwambie mama anaumwa."

"Mama yako haumwi. Mchana alikuwa ananipa pole mimi."

"Basi mwambie wewe umenikataza."

"Sijakukataza."

"Adila!"

"Nafasiri unayosema. Unayotunga, tafuta mwingine."

"Anasemaje?" Heleni aliuliza.

"Anatafuta neno," Adila alijibu.

Muharami alikitazama kile kiboti kilivyokuwa kikipandishwa na kushushwa na vijimawimbi. Aliitazama boti kule mbali. Adila aliona mguu wake wa kulia unasogea mbele, kuelekea majini. Alifumba mdomo kwa nguvu ili asimwite. Mguu ukarudi.

"Naogopa," Muharami alisema. "Mwambie naogopa bahari. Mwaka juzi walitupeleka na wageni pale kwenye fungu la mchanga, nusu saa tu, nikadhani nakufa. Mimi ni mtu wa Lugoba, nimekulia kwenye mahindi. Nikiona maji pande zote pumzi inakata. Alipokuja jikoni watu wote wakapiga makofi, sasa ningesemaje? Nikaona haya." Kombo safari hii hakucheka. Muharami akamgeukia mkewe, akamtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu afike. "Na hata ningekuwa samaki, Adila, sitaki. Miezi tisa bila wewe mimi siiwezi. Nani atanicheka? Nitapika nini, nimpikie nani? Nilikuwa naomba tu uniambie nisiende, na wewe ukapiga vigelegele."

Bi Ashatu alijiziba mdomo kwa khanga.

Adila akamgeukia Heleni, akamwambia kwamba mume wake anaogopa bahari, kwamba aliona haya kusema, na kwamba anaomba radhi kwa kumpotezea wakati. Heleni hakukasirika. Alimpiga Muharami begani, akasema mumewe mwenyewe alitapika miaka miwili mizima kabla ya kuzoea, na kwamba atamkumbuka kwa yule pweza.

Kisha akamtazama Adila. "Lakini alisema mengi kuliko hayo. Hayo mengine?"

Maneno Adila alikuwa nayo yote. Yalikuwa mepesi, ya kidato cha kwanza, angeweza kuyafasiri huku amelala. Alimtazama Muharami aliyesimama pale na viatu vimejaa mchanga, anasubiri.

"Mengine ni yangu," alimwambia Heleni, akainama akalichukua begi.